Homa ya msafiri wa Tendaguru: angeugua nini mtu aliyelala kati ya dinosaria?

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 34, mzima wa afya, asiye na maradhi ya kudumu. Alipiga kambi kwenye kilima cha Tendaguru, kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, akakaa hapo siku tatu akisubiri chombo chake cha kusafiri nyuma kwenye wakati kiwe tayari. Joto lilikuwa limezidi, kwa hiyo usiku alitandika mkeka nje ya hema, bila chandarua. Siku ya nne akavuka. Alitua pale pale kilimani, ila miaka milioni 150 nyuma, na huko akakaa siku tisa. Alikunywa maji ya huko, akala samaki na nyama ya huko, akachomwa mguu na kisiki kilichojificha ndani ya tope la mwambao, akaumwa na wadudu asiowajua kwa jina. Siku ya pili baada ya kurudi akaanza kutetemeka. Joto la mwili nyuzi 39.6, kichwa kinagonga, viungo vinauma, macho mekundu yasiyo na tongotongo.

Chombo hicho hakipo. Lakini mahali papo, mifupa ipo, vijidudu vipo, na swali la mgonjwa huyu linastahili kujibiwa kwa uzito ule ule tunaompa mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati. Watu wakizungumzia zama za dinosaria mawazo yao hukimbilia Marekani. Mimi naona kisa hiki ni cha Lindi. Jurasiki yetu, zama zile za dinosaria za miaka milioni 150 nyuma, iko pale, na mengi tunayoyajua kuhusu maradhi ya wanyama wale yametoka kwenye udongo ule.

Kwa kifupi, historia ya mahali ni hii. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuta mifupa mikubwa imetokeza juu ya ardhi Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 msafara kutoka Berlin ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig ulichimba hapo, lakini jicho lililoijua mifupa lilikuwa la msimamizi Boheti bin Amrani na mamia ya vibarua walioibeba mabegani siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Kutokana na kazi yao, Giraffatitan, yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, amesimama leo kwenye jumba la makumbusho la Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13.

Msafiri wetu asingeiona Tendaguru ya leo yenye miombo na nyasi kavu. Angefika mwambao: mabwawa ya maji ya chumvi nusu, matope yanayofunikwa na kufunuliwa na bahari, na kwa ndani kidogo misitu ya miti ya jamii ya misonobari. Nyasi hazikuwapo kabisa. Mwambao huo ulikuwa na msimu wa kiangazi uliokauka kweli, na wakati huo wanyama walijazana penye maji yaliyobaki. Hilo tulishike, maana maji machache yanayonywewa na wengi ni jambo ambalo kila mtu wa afya analitambua.

Sasa tuje kwenye maambukizi. Mtu wa kawaida ataogopa kwamba kule kuna magonjwa ambayo mwili wetu haujawahi kuyaona, kwa hiyo yatamwangusha kwa siku moja. Hofu hiyo ina nusu ya ukweli. Kirusi hakiingii kwenye seli kwa kutaka tu. Kinahitaji kushika sehemu maalumu iliyo juu ya seli, kama ufunguo unavyohitaji kitasa chake. Na vitasa hufanana kwa ndugu. Ndiyo maana magonjwa yetu makubwa yalitoka karibu: virusi vya UKIMWI kwa sokwe, na kimelea cha malaria kali, Plasmodium falciparum, kwa sokwe wakubwa aina ya gorila. Surua tuliipata kwa ng'ombe tuliowafuga na kulala nao zizi moja. Dinosaria na sisi tuliachana kiukoo zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Kirusi kilichojifunza kufungua seli za Giraffatitan kwa vizazi na vizazi kingefika kwa msafiri wetu na kukuta mlango wa nyumba nyingine.

Ushahidi wa jambo hili tunao uani. Ndege ni dinosaria waliobaki, na sisi tunaishi nao. Mtazame mama anayechanja kuku dhidi ya kideri, ambao wengine wanauita mdondo. Anambana kuku kwapani, anamfungua jicho kwa vidole viwili, anadondosha tone moja, anasubiri kuku apepese, anamwachia na kumshika mwingine. Kirusi cha kideri kinaweza kumaliza banda zima kwa wiki moja. Kikimrukia yule mama machoni, kwa kawaida atapata macho mekundu yanayowasha kwa siku chache, basi. Kilichomuua kuku, kwa mama kimeishia kwenye utando wa jicho.

Nimeitaja kideri kwa sababu nyingine pia. Kati ya dinosaria wa Tendaguru kuna mdogo mwenye mbio aitwaye Dysalotosaurus, ambaye mifupa yake ilipatikana kwa maelfu sehemu moja, Kindope. Mwaka 2011 watafiti wa Berlin, Florian Witzmann na wenzake, walieleza pingili moja ya uti wa mgongo wa mnyama huyo. Waliipiga picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, wakakuta ukuta wa mfupa umenenepa kupita kiasi na ndani yake umejengwa na kubomolewa ovyo. Sura hiyo inafanana sana na ugonjwa wa Paget unaowapata wazee wa leo, mfupa unaovunjwa na kujengwa bila mpangilio. Kwa binadamu, wataalamu wamebishana muda mrefu kama virusi vya jamii ya surua vinahusika na ugonjwa huo. Witzmann na wenzake wakasema: kama ni hivyo, basi pingili hii inaweza kuwa alama ya kale mno ya maambukizi ya virusi vya jamii hiyo.

Surua, sotoka ya ng'ombe, kideri cha kuku: vyote ni vya ukoo mmoja wa virusi. Kwamba huenda ndugu yao alikuwa akizunguka kwenye mwambao wa Lindi miaka milioni 150 iliyopita ni jambo linalonigusa kila ninapolifikiria. Kwa mgonjwa wetu mwenye macho mekundu, kishawishi cha kusema "amepata kideri cha dinosaria" ni kikubwa. Lakini kideri peke yake hakileti nyuzi 39.6 na viungo vya kuuma namna ile. Tuendelee kutafuta.

Kabla ya kuendelea lazima niseme upande wa pili wa kitasa. Kirusi cha mbali kikikosea njia na kuingia, mwili hauna kumbukumbu yake. Mafua ya ndege ya H5N1 yalipowafikia watu Hong Kong mwaka 1997, waliougua ni 18 tu, lakini sita walifariki. Kwa hiyo siwezi kumwambia msafiri kwamba dinosaria hawana madhara. Ninachomwambia ni kwamba uwezekano ni mdogo, na unazidi kadiri anavyojipaka kinyesi na damu yao.

Wapo wanaodhani joto lingemlinda, kwamba vijidudu vya mijusi vimezoea mwili wa baridi na vingeshindwa ndani yetu. Kwa Tendaguru hoja hiyo haisimami. Mwaka 2011 Robert Eagle na wenzake walipima kemia ya meno ya dinosaria wakubwa wenye shingo ndefu, na kwa yale ya Tendaguru wakapata joto la mwili la takriban nyuzi 38. Kijidudu kilichoishi humo kilikuwa tayari kimezoea joto la mtu mwenye homa ndogo.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi kuhusu ukungu. Ukungu mwingi wa udongoni hauwezi kukua kwenye nyuzi 37, na hiyo ni mojawapo ya ngome zetu kuu tusizozishukuru. Mwaka 2022 Cary Woodruff na wenzake walieleza dinosaria mwenye shingo ndefu kutoka Montana, aliyepewa jina la utani Dolly, aliyeishi karibu wakati ule ule wa Tendaguru. Pingili zake za shingo zilikuwa na vinundu vya ajabu pale mifuko ya hewa inapogusana na mfupa, dalili ya maambukizi ya njia ya hewa, na mshukiwa wao mkuu ni ukungu kama Aspergillus, ule ule unaosumbua kuku kwenye mabanda yenye matandiko machafu. Ukungu hauhitaji kitasa. Unahitaji unyevu, chakula na joto unalolimudu. Mtu mzima wa afya huvuta chembe za Aspergillus kila siku na kuziua. Msafiri mwenye pumu kali, mwenye kisukari kisichodhibitiwa au anayetumia dawa za kushusha kinga, huyo ningemkataza kabisa kwenda.

Sasa tumefika kwenye yale yanayoua bila kukujua. Jeraha la mguu. Tope la mwambao lenye maji ya chumvi nusu, yenye uvuguvugu, ndiyo makazi ya bakteria wa jamii ya Vibrio, na leo kuna aina kati yao inayoingia kwenye kidonda na kuozesha nyama kwa siku moja au mbili. Udongo nao una bakteria wa jamii ya pepopunda, wanaojificha kama mbegu ngumu na kuamka ndani ya tundu jembamba lisilo na hewa, tundu la aina ile ile alilochomwa na kisiki. Chanjo ya pepopunda aliyopata inamkinga na sumu ya bakteria wa leo. Sumu ya jamaa yao wa kale ikiwa na umbo tofauti, kinga hiyo isingeitambua. Na tusisahau mzigo aliokwenda nao mwenyewe: bakteria wa ngozi yake, Staphylococcus, wanaosubiri tu ngozi ipasuke. Ningeombwa nitaje kitu kimoja chenye nafasi kubwa kuliko vyote ya kumlaza msafiri wa Jurasiki, ningetaja kidonda cha mguu kisichosafishwa.

Maji ya kunywa yana habari mbili. Kule Bernissart, Ubelgiji, ambako dinosaria wengi aina ya Iguanodon walikutwa ndani ya mgodi wa makaa mwaka 1878, kinyesi kilichogeuka jiwe cha miaka milioni 125 kimeonyesha mabaki ya ameba na mayai ya minyoo. Kwa hiyo maji waliyonyea dinosaria yalikuwa na vimelea kama yalivyo ya kwetu. Kuchemsha kunamaliza hilo. Moto hauulizi kijidudu ni cha zama gani. Habari ya pili ni mbaya zaidi. Bakteria wa kijani wanaotanda juu ya bwawa wakati wa kiangazi ni wa kale kuliko wanyama wote, na baadhi ya sumu zao hazivunjiki kwa kuchemsha. Mwaka 2020 ndovu zaidi ya 300 walikufa Botswana, na serikali ikazitaja sumu za bakteria hao. Rudisha akilini ule mwambao wa kiangazi na maji yaliyobaki kidogo. Msafiri anayechemsha maji ya rangi ya mchicha na kuyanywa kwa imani anajipikia sumu. Achimbe kisima cha mchangani hatua kadhaa kutoka bwawani, ndipo achemshe.

Wadudu nitapita haraka. Katika kaharabu (utomvu wa miti uliogeuka jiwe) ya Myanmar ya miaka milioni 99 amekutwa kupe amenaswa pamoja na unyoya wa dinosaria, na China kuna wadudu kama viroboto wa Jurasiki wenye urefu wa karibu sentimita mbili. Mbu wa kale zaidi walioshikwa mkononi wanatoka kwenye kaharabu ya Lebanoni ya miaka kama milioni 130. Kuumwa angeumwa. Ila malaria ya binadamu asingeipata kule hata angeumwa na mia, maana kimelea hicho kinahitaji mtu au sokwe wa kukibeba, na hapakuwa na hata mmoja.

Ukifuata hoja ya undugu hadi mwisho, inakupeleka mahali ambapo macho ya msafiri yasingekwenda. Wakati anamtazama Giraffatitan akikata matawi juu ya miti, miguuni pake anapita mnyama wa ukubwa wa panya mwenye manyoya. Tendaguru imetoa mabaki ya mamalia hao wadogo, mmojawapo akiitwa Brancatherulum, aliyejulikana kwa kipande cha taya. Huyo, mwenye damu ya moto na anayenyonyesha, ndiye jamaa yetu wa karibu kuliko wote kwenye mwambao ule. Vijidudu vyake ndivyo ambavyo vingekuwa na funguo zinazokaribia vitasa vyetu. Mimi ningemwambia msafiri asiweke akiba ya chakula pembeni mwa anapolala, na asitembee peku penye tope ambako wanyama hao wamekojoa.

Lindi imetufundisha hilo kwa uchungu. Julai 2022 wilayani Ruangwa watu walianza kuugua homa kali, maumivu ya kichwa, uchovu, na wengine kutokwa na damu puani. Kwa siku kadhaa uliitwa ugonjwa usiojulikana, na uvumi ukaenda mbali. Wizara ya Afya ilipotangaza majibu ya vipimo, ulikuwa homa ya mgunda, inayoletwa na bakteria aina ya Leptospira: wagonjwa 20, watatu walifariki. Bakteria hao hukaa kwenye figo za panya na wanyama wengine, hutoka na mkojo, hudumu kwenye maji na tope, na huingia kupitia ngozi iliyochubuka. Mojawapo ya dalili zao ni macho mekundu yasiyo na tongotongo.

Kabla ya kurudi kitandani kwa mgonjwa, kuna upande mmoja unaonisumbua kuliko mguu wake. Yeye alipeleka nini? Mwaka 1887 sotoka iliingia Eritrea na ng'ombe walioletwa kwa meli. Ndani ya miaka kumi ilikuwa imefika Afrika Kusini, ikiwa imeangamiza sehemu kubwa sana ya ng'ombe, nyati na nyumbu njiani, na Wamasai wakafa njaa. Hakuna aliyekusudia. Ulimwengu ulitangaziwa mwisho wa sotoka mwaka 2011 tu. Na wanaodhani bakteria wa mtu hawezi kumpata ndege wajue kwamba aina mojawapo ya Staphylococcus aureus inayolemaza kuku leo ilivuka kutoka kwa binadamu katika karne ya 20, watafiti wameifuata kwa vinasaba. Mtu mmoja, akijisaidia siku tisa kando ya maji pekee ya kiangazi, anaacha pale matrilioni ya bakteria ambao dunia ile haikuwaona. Kinyesi chake chote kilipaswa kurudi naye kwenye chombo kilichofungwa. Naliona hilo kuwa sharti la safari, kabla hata ya dawa.

Kuhusu dawa: je, viuavijasumu vyetu vingefanya kazi kule? Bakteria wa kale hawajawahi kukutana na vidonge, lakini wamekutana na viuavijasumu, kwa sababu vingi tulivijifunza kutoka kwa bakteria na ukungu wa udongoni, ambao walipigana navyo tangu zamani. Vinasaba vya usugu vimepatikana kwenye barafu ya udongo ya miaka 30,000, muda mrefu kabla ya hospitali yoyote. Kwa hiyo abebe dawa za aina mbili zinazoshambulia kwa njia tofauti, asitegemee moja.

Sasa turudi kitandani. Kijana wa zamu, akisikia safari ilikokwenda, ataandika orodha ndefu ya mambo ya Jurasiki. Naomba aweke kalamu chini ahesabu siku. Siku tatu kambini bila chandarua, tisa kule, mbili baada ya kurudi. Tangu alale mara ya kwanza kwenye mkeka wake hadi homa ni siku 14, na malaria kali huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 14 au zaidi kidogo. Kipimo cha kwanza ni cha haraka cha malaria, tone la damu kidoleni, robo saa, pamoja na darubini. Kikisoma mistari miwili, dawa mseto ianze saa hiyo hiyo; akiwa anatapika au amechanganyikiwa, artesunate ya sindano.

Kilima hiki kinajua habari hiyo. Eberhard Fraas, mwanajiolojia aliyefika 1907 kuhakikisha mifupa ya Sattler, aliondoka na maradhi ya kuhara ya ameba. William Cutler, aliyeongoza msafara wa Waingereza kuanzia 1924, mwanzoni akiwa na kijana Louis Leakey, alifariki kwa malaria Lindi mwaka 1925. Wote walifuata viumbe wa miaka milioni 150, na wote walipatwa na vijidudu vya mwaka ule ule waliokuwa wanaishi.

Malaria ikithibitika, kazi haijaisha. Macho mekundu na mguu uliochomwa vinabaki. Jeraha lifunguliwe, lioshwe kwa maji mengi, nyama iliyokufa ikatwe, lisishonwe. Apewe viuavijasumu viwili, ceftriaxone na doxycycline, kwa pamoja: mchanganyiko huo unashika homa ya mgunda na unashika Vibrio, na unatimiza ile kanuni ya njia mbili. Kama viungo vinaendelea kuuma baada ya homa kushuka, tukumbuke chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, iliyotambuliwa mara ya kwanza uwanda wa Makonde, jirani tu, miaka ya 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde, likieleza mgonjwa anavyokunjamana. Damu ya kutosha ihifadhiwe kwenye baridi kali kwa ajili ya kile ambacho vipimo vyetu havina jina lake.

Atengwe siku 21, muda ule ule waliopewa wanaanga wa Apollo 11 waliporudi kutoka mwezini mwaka 1969. Wauguzi wavae barakoa na glavu, choo chake kiwe cha peke yake, na asiruhusiwe kabisa kukaribia banda la kuku. Na chandarua chenye dawa kitundikwe juu ya kitanda chake leo, kabla jua halijazama, maana mbu wa Lindi akimuuma sasa atainuka na kila alichonacho kwenye damu, cha kambini na cha kule.